Kumwambia Anayejua

Mtu anayenyang'anywa usemi na kiharusi hanyang'anywi maneno yote kwa pamoja. Hilo sikulijua mpaka lilipoingia nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, mwaka 2014. Baba aliamka alfajiri akashindwa kuinua mkono wa kulia, mdomo umekwenda upande, na kila alipotaka kusema kitu kilitoka kitu kingine. Akitaka shuka anasema "saa". Akitaka maji anabaki akitutazama, midomo ikihangaika kutafuta pa kuanzia, jasho likimtoka kwenye paji la uso, kisha anafumba macho kwa hasira. Lakini jioni ya siku aliyoruhusiwa kutoka hospitali, adhana ya Magharibi ilipomalizika, baba akiwa amelala chali alisoma Alhamdu mwanzo hadi mwisho, kwa herufi zake na vituo vyake, asikwame hata mahali pamoja. Akaunganisha na Kulhuwallahu. Alipomaliza alinigeukia, akanyoosha kidole cha mkono wa kushoto kwenye jagi lililokuwa mezani, na neno maji likakataa kutoka.

Mama alitokwa na machozi ya furaha, akidhani ugonjwa umeanza kuachia. Daktari alitufafanulia baadaye kwamba hali ile inajulikana. Kwa watu wengi kazi ya kutunga usemi iko upande wa kushoto wa ubongo. Njia ya kulijua hilo aliifungua Paul Broca, aliyewaonyesha wenzake mjini Paris mwaka 1861 ubongo wa marehemu aliyekuwa hawezi kutamka zaidi ya silabi moja. Baadaye daktari wa Uingereza, John Hughlings Jackson, akatofautisha usemi tunaoutunga kwa haja ya wakati huo na usemi uliozoeleka hadi ukawa unajiendea wenyewe. Ndiyo maana mgonjwa asiyeweza kuomba kijiko anaweza kuhesabu, kuimba, kuapa, hata kusali. Baba alifundishwa Alhamdu chuo cha Kurani akiwa mtoto, na tangu hapo alikuwa akiisoma katika rakaa 17 za faradhi za kila siku. Kiharusi hakikuifikia. Kilichoharibika ni njia ya kuomba maji.

Swali la kwa nini tumwombe Mungu ambaye anajua kila kitu nilikuwa nimelisikia tangu ujana, na majibu yake ya vitabuni nilikuwa nayo. Ila nilikuwa sijawahi kuyahitaji. Mwaka ule niliyahitaji.

Ijumaa iliyofuata jamaa na majirani walikuja kumsomea. Mikeka ilitandikwa sebuleni, chetezo cha ubani kikawekwa karibu na mlango, mwalimu wa chuo akagawa juzuu. Baba tulimlaza kwenye godoro pembeni ili asikie. Mambo yalikwenda vizuri hadi walipofungua Yasin. Kwetu pwani Yasin husomwa kwa nyakati nyingi, lakini kila mtu amewahi kuisikia ikisomwa juu ya mtu anayekata roho, na baba mwenyewe alikuwa amewasomea wengi wa namna hiyo. Uso wake ulibadilika. Akaanza kuhema, mkono wa kushoto umeng'ang'ania ukingo wa mkeka. Mwalimu aliliona hilo kabla yetu. Akainua kiganja, kisomo kikasimama, akajisogeza mpaka kwenye godoro, akamwambia taratibu, "Mzee wangu, tunakuombea shifaa tu. Hakuna jingine." Wakaendelea na dua za mgonjwa kwa sauti ya chini.

Usiku, wageni walipotawanyika, nilikuwa uani na binti wa dada yangu tukiosha vikombe vya kahawa. Alikuwa akisoma takwimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na alikuwa amepanda basi kuja kumwona babu yake, ambaye ndiye aliyemlea.

"Mjomba, naomba nikuulize kitu, lakini usinikasirikie."

"Uliza, mwanangu."

"Mungu anajua kwamba babu anaumwa?"

"Anajua."

"Na anampenda kuliko sisi tunavyompenda?"

"Kuliko sisi."

"Sasa leo kutwa tulikuwa tunamwambia nini?"

Hakuwa akifanya mzaha, wala hakuwa amepoteza imani kama dada yangu alivyohofia alipousikia mjadala ule. Alikuwa amelitafakari jambo hili ndani ya basi, njia nzima. Kama Mungu anajua, basi hatumpi habari. Kama ni mwema, atampa babu lililo bora bila kusukumwa na mtu. Kama lililo bora ni babu asipone, basi sisi tunamwomba Mungu atende lililo duni. Na kama yote yamekwisha andikwa, dua inakwenda kubadilisha kitu gani? Akamalizia kwa kisa ambacho kila mtoto aliyepita chuoni amekisikia. Nabii Ibrahim alipotupwa motoni na Namrudi, Jibril alimjia akamuuliza kama ana haja, aiombe kwa Mola wake. Ibrahim akajibu kwamba kuomba hakuna haja, kwa kuwa Mola anaijua hali yake, na hilo linamtosha. "Sasa mjomba," akasema, "kama rafiki wa Mungu mwenyewe aliona kuomba hakuhitajiki, sisi tunahangaika nini?"

Nilimpa majibu niliyokuwa nayo, na niliona usoni mwake kwamba hayakumtosha.

Kile kisa cha Ibrahim kilikuwa kimenikaa moyoni tangu utotoni, kwa hiyo nilikwenda kumuuliza sheikh mmoja mtu mzima ambaye baba alikuwa akimheshimu. Alinijibu bila kusita kwamba kisa hicho kwa namna hiyo hakina msingi wa kuaminika; Ibn Taymiyya alikikataa karne nyingi zilizopita. Lililothibiti katika mkusanyo wa Bukhari, kwa mapokezi ya Ibn Abbas, ni kwamba Ibrahim motoni alisema Mwenyezi Mungu anamtosha na Yeye ndiye mbora wa kutegemewa. Hiyo nayo ni dua, kwa maana mtu aliye motoni anazungumza na Mola wake. Kisha sheikh akaniambia, "Nenda nyumbani ukasome sura yenye jina lake, aya ya 35 mpaka 41. Soma polepole."

Nilisoma katika tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, ile iliyotolewa Nairobi mwaka 1969, ambayo baba alikuwa ameifunika kwa karatasi ya khaki kulinda jalada. Humo Ibrahim anaomba mfululizo. Anaomba mji uwe wa amani. Anaomba yeye na wanawe waepushwe na masanamu. Anaomba nyoyo za watu ziwaelekee watoto wake aliowaweka katika bonde lisilo na mmea, na waruzukiwe matunda. Halafu, katikati ya maombi hayo, anamwambia Mungu kwamba Yeye anayajua wanayoyaficha na wanayoyadhihirisha, na kwamba hakuna kinachofichika Kwake ardhini wala mbinguni. Nilitarajia hapo anyamaze. Hakunyamaza. Anashukuru kwa kupewa Ismaili na Is-haka uzeeni, kisha anaendelea kuomba: yeye na kizazi chake wadumu katika swala, yeye na wazazi wake na waumini wasamehewe.

Nilipomsimulia hili mwalimu mwenzangu, Mkatoliki aliyepita seminari kabla ya kuwa mwalimu wa historia, alifungua Biblia yake kwenye Mathayo sura ya 6. Yesu anawaambia wanafunzi wake wasipayuke kama watu wanaodhani watasikiwa kwa wingi wa maneno, kwa sababu Baba yao anajua wanayoyahitaji kabla hawajamwomba. Na mara baada ya kusema hivyo anawafundisha kuomba, tena mkate wa siku. Mwenzangu akanieleza kwamba swali la mpwa wangu waliliuliza Wakristo wa kale karibu neno kwa neno. Ambrosi na Tatiana walimpelekea mwanazuoni Origen, naye akawaandikia kitabu kizima juu ya sala kwenye miaka ya 230. Jibu lake lilikuwa kwamba Mungu anayejua yatakayokuwa anajua pia kwamba fulani ataomba, na maombi hayo yamo ndani ya mpango tangu mwanzo.

Jibu hilo ni zuri na baadaye nitalirudia. Lakini lililonishika zaidi ni ule mpangilio wa maneno ya Ibrahim. Lile ambalo mpwa wangu aliliona ni sababu ya kunyamaza, Ibrahim analitamka ndani ya dua yenyewe na linampa nguvu ya kuendelea. Mbele ya asiyekujua unaanza kwa kujieleza: wewe ni nani, umetoka wapi, kwa nini uaminiwe. Mbele ya anayekujua huhitaji utangulizi. Unaweza kuanza na kile kinachokuuma.

Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache sana nchini, na sisi tulimpata mmoja Dar es Salaam baada ya kuulizia huku na kule. Alikuwa mwanamama mtulivu. Alikaa na baba kwa muda mrefu, akampa picha azitaje, akamwimbisha, akamsikiliza. Mwisho akatugeukia sisi na kutaka kujua nani anayekaa naye kutwa. Nikasema ni mimi na mama.

"Akitaka kitu mnajuaje?"

Nikamweleza kwamba tumeshamzoea. Akitazama dirisha anataka lifunguliwe. Akisugua goti anataka kugeuzwa. Ikifika saa nne asubuhi anataka chai ya tangawizi na kipande cha mkate wa kumimina.

"Basi kuanzia leo msimpe mpaka aombe," akasema. "Hata kama mnajua. Hasa mkiwa mnajua."

Alitupa na masharti yake. Tusimwache na shida inayozidi nguvu zake. Dawa na maji ya lazima apewe kwa wakati wake. Tusigeuze uso wakati anahangaika, tukae tumtazame. Na tusidai neno kamili: sauti yoyote yenye juhudi ihesabiwe. Mama hakupendezwa hata kidogo. Kwenye basi la kurudi Tanga alininong'oneza, "Mume wangu huyu, aliyenitunza miaka yote, leo nimkalie na kikombe mkononi mpaka aseme chai?"

Lakini tulifanya. Saa nne inafika, mimi nimekaa kitako mbele yake, kikombe mkononi, mvuke unapanda na harufu ya tangawizi imejaa chumbani. Baba anakitazama kikombe, kisha ananitazama mimi. Anajua kwamba najua. Hapo ndipo ugumu wote ulipokuwa, maana hapakuwa na siri ya kufichua wala habari ya kutoa. Anavuta pumzi. Inatoka "s", inarudi ndani. Anajaribu tena, shingo imesimama mishipa. Inatoka "sha". Siku nyingine hata hiyo haitoki na analia, nami nalia naye, na chai anapewa. Mpaka asubuhi moja ikatoka "shai", nzima, kwa sauti ya mtu aliyechoka, na mama akaja mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi.

Tangu siku ile nimeliwaza neno hilo moja zaidi ya vitabu vingi nilivyosoma. Halikunipa habari yoyote, na bado lilibadili kila kitu ndani ya chumba kile. Kabla yake tulikuwa tunamhudumia baba vizuri sana, na katika kuhudumiwa huko alikuwa anazama. Alikuwa hatutazami tena. Mahitaji yake yalitimizwa kabla hajayageukia, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kutugeukia sisi. Alipoanza kuomba alianza kututazama. Baadaye akaanza na kukataa: nilimletea chai, akatikisa kichwa, akasema "si… taki", na mimi nikafurahi kupita nilivyofurahia ile "shai". Anayeweza kuomba anaweza pia kulalamika, kukataa, kushukuru. Anakuwa mtu mbele ya mtu mwenzake.

Nikaielewa upya hadithi iliyo katika mkusanyo wa Tirmidhi, kwamba asiyemwomba Mwenyezi Mungu, Mwenyezi Mungu humkasirikia. Zamani ilikuwa ikinitatiza. Mungu ambaye hakosi kitu akasirike kwa kuwa hakuombwa? Baada ya kukaa na kikombe kile mkononi, haikunitatiza tena. Mimi nilikuwa najua baba anataka chai, na kujua kwangu hakukunipa chochote cha baba. Nilikuwa nataka anigeukie.

Najua pia mahali ambapo mfano huu unakoma, na sitaki msomaji auvushe mpaka wake. Sisemi Mungu anamnyima mwenye kiu maji ili amfundishe kusema. Mtu aliyewahi kukesha wodi ya watoto hawezi kusema maneno hayo, na mimi nimekesha huko. Kwa nini huyu alipona na yule hakupona ni jambo ambalo dua haijanieleza, na nimekuwa mkali kwa watu wanaojidai kulieleza kwenye misiba ya wenzao.

Sasa lile la kuandikwa. Mpwa wangu alikuwa ameweka kengele kwenye simu yake kutukumbusha vidonge vya presha vya babu, na hata aliporudi chuoni alipiga simu kuuliza kama amemeza. Nilimwambia, "Mwanangu, kama kuandikwa kunafuta dua, kunafuta na vidonge. Mbona hujawahi kuniambia tuviache kwa kuwa siku ya babu imeshaandikwa?" Alinyamaza kidogo, kisha akacheka. Ni hoja ya kale, na Ghazali aliiweka wazi katika Ihya: dua ni sababu miongoni mwa sababu, na aliyepanga matokeo amepanga na njia zake. Ni lile lile la Origen, kwa mdomo wa Mwislamu. Nami nalipenda zaidi lilivyotokea barabarani kuliko lilivyo vitabuni. Khalifa Umar alipokuwa akielekea Sham alifika Sargh akasikia tauni imeingia huko, akaamua kuwarudisha watu. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akajibu kwamba ndiyo, anaikimbia kadari ya Mungu na anaikimbilia kadari ya Mungu. Watu wakarudi. Anayeomba shifaa anafanya lile lile alilofanya Umar alipogeuza msafara.

Mpwa wangu hakuishia hapo. Siku moja alinipigia akaniambia amesoma darasani utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 na Herbert Benson na wenzake. Walichukua wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa mishipa ya moyo katika hospitali sita, wakawagawa makundi matatu. Makundi mawili yaliambiwa huenda yakaombewa na huenda yasiombewe. Moja likaombewa, jingine halikuombewa. Kundi la tatu liliambiwa kwa yakini kwamba litaombewa, na likaombewa. Waliopata matatizo baada ya upasuaji walikuwa asilimia 52 kwa walioombewa bila uhakika, 51 kwa wasioombewa, na 59 kwa waliokuwa na yakini ya kuombewa.

Sikuutupa utafiti huo, wala sidhani muumini anapaswa kuuogopa. Unaonyesha kwamba dua haipimiki kama dozi, kiasi fulani kwa mgonjwa fulani, na sijui dini iliyowahi kuahidi hivyo. Ile asilimia 59 ilinikumbusha Yasin ya Ijumaa ile na mkono wa baba kwenye mkeka. Watafiti wenyewe waligusia uwezekano kwamba mtu akiambiwa anaombewa kwa hakika, anaweza kujiuliza hali yake imekuwa mbaya kiasi gani. Lakini jambo jingine lilinigusa zaidi. Waombaji wale walipewa jina la kwanza la mgonjwa na herufi ya kwanza ya jina la ukoo, basi. Hawakumjua. Walitakiwa waitie katika maombi yao sentensi waliyopangiwa. Nilimwambia mpwa wangu, "Ungemwona babu yako anavyoomba usiku, ungeniambia kama ni jambo lile lile."

Na hivi ndivyo alivyokuwa akiomba. Maneno yaliporudi kidogo kidogo, baba alikuwa akisali Isha akiwa ameketi kitandani, akirukuu kwa kichwa. Swala ilipita bila kikwazo, maana ilikuwa Kiarabu cha maisha yake yote. Akitoa salamu anauinua mkono wa kulia kwa kuushika na wa kushoto, anaviweka viganja pamoja, na hapo anaingia kwenye Kiswahili, mahali palipobomoka. Angeweza kubaki kwenye zile dua zilizokuwa zikitiririka zenyewe. Hakubaki. Anaanza na jina la mama. Anakwama, anarudi, analitoa. Kisha majina yetu, mmoja mmoja, kwa kufuata umri. Kisha wajukuu. Kisha jina la mtu mmoja wa Pangani ambaye waligombana juu ya shamba la minazi enzi za ujana wao, na ambaye mimi nilidhani wameshasahauliana. Ilikuwa kazi ya jasho.

Usiku mmoja alikwama kwenye jina la mpwa wangu. Silabi ya kwanza ilitoka ikarudiwa, ikarudiwa, na mimi niliyekuwa nimekaa karibu nikamtajia jina lote ili apumzike. Baba aliinua kidole cha kushoto kunizuia, akafumba macho, akaanza upya. Hakuniruhusu nimsemee. Mungu alikuwa analijua jina lile kabla hajaumbwa mwenye jina, na baba, aliyefundisha watoto wa mtaa mzima kwamba Mungu ni mjuzi wa yote, alilijua hilo kuliko mimi. Aliendelea mpaka alipolitoa kwa ulimi wake.

Haya ndiyo niliyonayo ya kumjibu anayeuliza dua ina maana gani kwa Mungu ajuaye. Sijaona mtu anayeamini sana kwamba Mungu anajua kuliko baba usiku ule, na sijaona mtu aliyehangaika kiasi kile kusema.

Tulimwombea apone, na hakupona. Kiharusi cha pili kilimchukua. Sitaizunguka habari hiyo. Mwana Kupona binti Msham wa Lamu alitunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, na humo akawaombea watoto wake, akajiombea na shifaa. Miaka michache baadaye alifariki. Watu wetu wameomba hivyo vizazi na vizazi na wamezikwa. Kwenye matanga ya baba kulikuwa na mtu mwema aliyeniona nimekaa peke yangu, akanijia akaniambia nisilie kwa sababu Mungu ndiye anayejua zaidi. Maneno hayo ni kweli kabisa, na bado niliumia. Alikuwa anautumia ujuzi wa Mungu kunifunga mdomo.

Katika Sura ya Yusuf, wana wa Yaqub nao walimwambia baba yao aache kumtaja Yusuf, asije akajimaliza kwa huzuni. Yaqub, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kuwa meupe kwa majonzi, aliwajibu kwamba masikitiko yake anampelekea Mwenyezi Mungu, na kwamba anajua kutoka kwa Mungu wasiyoyajua wao. Yumo katika jibu hilo mtu anayejua kwamba Mungu anajua, na bado analia mbele Yake. Mungu hakumwambia Yaqub anyamaze. Nami sikunyamaza. Nililia, nikamwambia Mungu kwamba nilitaka baba abaki, na nilimwambia hivyo nikijua fika kwamba alikuwa analijua hilo kila dakika ya ugonjwa ule.

Mpwa wangu sasa ni mama wa watoto wawili na anafanya kazi Dodoma. Idi iliyopita alikuja Tanga, tukakaa uani pale pale, na akaniambia kwamba hoja yangu ameizunguka pande zote na imebaki na tundu. "Umenijibu kuhusu anayeomba, mjomba. Hujanijibu kuhusu anayeombewa. Babu kusema 'shai' kulimjenga babu. Lakini yeye akilitaja jina langu usiku, mimi niko Dar nimelala, sijui lolote. Mimi nilipata nini?"

Ni swali la haki, na lile la sababu na matokeo halimtoshi, ingawa mimi naliamini. Nilimwambia tu kilichotokea: kwamba jina lake lilikuwa gumu kuliko yote kwa babu yake, kwa zile herufi zake, na kwamba hakuna usiku aliouruka. Alikuwa halijui hilo. Aliniuliza kwa nini sikuwahi kumwambia, kisha akataka nimweleze babu alikuwa akilitamka vipi, silabi gani iliyokuwa ikimshinda. Nikamweleza. Swali lake hajaliondoa.